Ilungu la Tano

Barua pepe kutoka Hungaria iliingia kwenye simu ya Cornelia Jumatatu asubuhi, mwezi wa saba, akiwa nyuma ya nyumba yao Kasense akimsaidia mama yake kupepeta ulezi. Upepo wa Ufipa mwezi huo hauna simile. Ukiinua ungo tu, makapi yanakwenda yenyewe. Alifuta vumbi kwenye kioo cha simu kwa pindo la kanga, akasoma, akarudia kusoma.

"Mama, wamenichukua."

"Akina nani?"

"Chuo cha Ulaya. Hungaria. Wanalipia kila kitu, hadi ndege."

Mama yake, Justa, aliweka ungo chini akapiga kigelegele kilichowatoa majirani ndani. Kisha, macho yakiwa bado yamelowa, akauliza, "Hungaria ndiyo iko wapi hasa?"

Cornelia alijua iko Ulaya, alijua kuna baridi. Miezi mitano ilikuwa imepita tangu aombe nafasi ile, na hata siku moja hakuwahi kufungua ramani akaangalia. Aliomba kwa sababu Jenifer, rafiki yake wa chumba kimoja chuoni Dodoma, alikuwa anajaza fomu, naye akakaa pembeni akajaza ya kwake. Ndivyo alivyoingia hata kwenye shahada ya takwimu aliyokuwa amemaliza mwaka wake wa pili. Kidato cha sita alisoma fizikia, kemia na hesabu, akafaulu vizuri, mwalimu akasema takwimu ina ajira, akaandika takwimu. Hakuipenda wala hakuichukia. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja na watu wote walimwona binti mwenye akili anayejua anakokwenda.

Huko Hungaria angesomea hesabu za bima, kuanzia mwaka wa kwanza. Jibu la kukubali au kukataa lilitakiwa kabla ya Ijumaa, tarehe kumi na tano Agosti.

Baba yake, Teodori, alikuwa katekista wa kigango. Jumapili iliyofuata hakuna aliyetoka kanisani bila kujua. Jumuiya yao ilikwisha kupanga siku ya kumuaga, na mzee mmoja alimshika mkono Cornelia akamwambia akifika huko awasalimie wazungu wote, hasa wale waliojenga misheni.

Kabla safari haijaanza kupangwa, kulikuwa na kazi ya wiki mbili aliyokwisha kuiahidi. Mtafiti mmoja kutoka Dar es Salaam, Daktari Eustace, alikuwa anatafuta mtu wa kumtafsiria Kifipa kwenye kijiji kimoja upande wa Kate, huko wilaya ya Nkasi. Paroko ndiye aliyemtaja Cornelia. Baba alisita kidogo aliposikia kazi inahusu nini, ila posho ingenunua sanduku na koti, akaruhusu.

Kazi ilihusu malungu. Wafipa wa zamani walikuwa wakiyeyusha chuma wenyewe, na tanuru walilotumia, refu kupita mtu, lililojengwa kwa udongo kama chungu kilichofunguka juu na chini, waliliita ilungu. Kwenye mteremko ule juu ya kijiji yalibaki matano. Mawili yalikuwa yamebomoka nusu, na moja mti ulikuwa umeota ndani yake ukatokeza juu. Kuzunguka kila moja kulikuwa na lundo la mavi ya chuma, yaani yale mawe meusi mazito yanayobaki chuma kikishatolewa.

Daktari Eustace alikuwa mtu wa Bukoba, mnene kiasi, wa miaka hamsini hivi, na vumbi la Ufipa lilimpigisha chafya tangu asubuhi hadi jioni. Siku ya kwanza alimpa Cornelia kitabu cha kumbukumbu na mizani ya kuning'iniza.

"Wewe si mtu wa takwimu? Basi nipimie. Vipande thelathini kwa kila lundo, chagua bila kuangalia. Tutaanza kuongea na wazee kesho."

Cornelia alipima. Lundo la kwanza, la pili, la tatu, la nne, vipande vyote vilikuwa vya namna moja, vyeusi, vizito kuliko vinavyoonekana. Alipofika kwenye lundo la ilungu la tano alidhani mizani imeharibika. Kipande cha ukubwa wa ngumi kilikuwa chepesi kama mkate. Alikigeuza kwenye jua. Kilikuwa na rangi ya kijani ya chupa, kimejaa vitundu, na ukingoni kiling'aa kama kioo. Akaokota kingine, na kingine. Vyote vile vile.

Alimkimbilia Daktari. "Hili la tano si sawa na mengine."

"Nimeliona mwaka juzi," alisema Daktari Eustace, akipenga kamasi. "Ndilo limenirudisha."

"Kwa nini liko hivi?"

"Nadhani walitumia jiwe la aina nyingine. Jiwe la chuma la mlima mwingine."

"Unadhani?"

"Nadhani. Sijui."

"Sasa nani anajua?"

Daktari Eustace alimtazama kama mtu aliyeulizwa saa. "Hakuna."

"Hata Ulaya?"

"Hakuna mtu duniani anayejua kwa nini hilo lundo ni la kijani, binti. Mpaka atokee mtu akate kipande, akiangalie, ajaribu kuelewa."

Cornelia alirudi kwenye lundo lake akachuchumaa, akaendelea kupima. Maswali yote aliyowahi kuulizwa tangu darasa la kwanza yalikuwa na majibu nyuma ya kitabu, au kwenye daftari la mwalimu. Ukikosea, kuna mtu anajua umekosea. Hapa alikuwa ameshika kitu mkononi, na wote waliokielewa walikwisha kufa.

Siku ya tano walimfikia Bibi Kristiana, mjane aliyepita miaka themanini, aliyekaa nyumba ya mwisho kabla ya mteremko. Cornelia alimwamkia, akakaa chini kwenye mkeka, wakaongea Kifipa. Daktari Eustace alikuwa ameandika maswali yake: jiwe lilitoka mlima gani, nani alilibeba, lilikuwa na rangi gani. Bibi alijibu vizuri. Yeye mwenyewe hakuona moto, alikuwa mtoto mdogo kazi ilipokufa, lakini mama yake alibeba jiwe na mkaa tangu usichana, na jiwe lote lilitoka kilima kimoja.

"Na hata lile la ilungu la mwisho?" Cornelia aliuliza.

"Hata lile. Kilima ni hicho hicho."

Alipomtafsiria, Daktari akafuta kitu kwenye karatasi yake, mabega yakamshuka. Maswali yalikuwa yamekwisha. Cornelia ndiye aliyebaki na swali ambalo halikuandikwa.

"Bibi, na lile la mwisho alijenga nani?"

Bibi Kristiana akacheka, meno mawili. Alisema lile lilijengwa na mtu wa kuja, kutoka huko chini ziwani, aliyeoa kijijini pale na kutaka kuonyesha wakwe kwamba naye anaweza. Mafundi wa kwao walijenga kwa udongo wa kichuguu. Yeye aliona kuponda vichuguu ni kazi ya kuchosha, akachota udongo wa mtoni, laini, unaofinyangika vizuri. Ilungu lake lilikuwa zuri kuliko yote kwa kulitazama. Chuma chake kilikuwa kidogo, na wakwe walimcheka mpaka alipozeeka.

Cornelia hakumaliza hata kutafsiri. Alipanda mteremko karibu anakimbia, Daktari akimfuata huku akipiga chafya, akaingiza kichwa kwenye tundu la chini la ilungu la tano na kuwasha tochi ya simu. Ukuta wa ndani ulikuwa umeyeyuka. Ulikuwa umetiririka na kuganda, matone marefu ya kijani yamening'inia kama mshumaa uliowaka kwenye upepo. Akakimbilia la nne, akachungulia. Ukuta ulikuwa mweusi, umepasuka, lakini umesimama.

"Si jiwe, Daktari! Ni ukuta. Ukuta wenyewe ndio ulioyeyuka ukaingia kwenye mavi!"

Daktari Eustace alilala kifudifudi na tumbo lake lote, akachungulia kwa muda mrefu. Alipotoka alikuwa na majivu kwenye nyusi.

"Inawezekana," alisema. Kisha akatabasamu. "Miaka miwili nauliza watu habari za jiwe."

Jioni moja, wakifunga sampuli kwenye mifuko, Cornelia alimuuliza kama kuna mahali mtu anasomea vitu hivi. Daktari Eustace alimweleza bila kupamba. Dar es Salaam kuna shahada ya uhandisi wa metali na uchenjuaji wa madini. Alama zake za kidato cha sita zinatosha kuombea. Angeanza upya, mwaka wa kwanza, miaka minne. Wengi wanaomaliza huenda migodini kuchenjua dhahabu, yaani kuitenga na mawe, na wanaoshughulika na mavi ya chuma ya mababu wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

"Ningekuwa mtoto wako ungenishauri nini?"

"Usiniulize mimi. Mimi nitakuambia njoo, kwa sababu nahitaji watu. Muulize mtu asiyekuhitaji."

Alirudi Kasense Jumamosi. Jumapili, baada ya misa na chakula cha mchana, aliwaambia wazazi wake wakiwa bado mezani.

Baba alisogeza bakuli la maharage upande wa kulia, akalirudisha upande wa kushoto.

"Nirudie nielewe," alisema. "Unaacha Ulaya. Unaacha Dodoma, umebakiza mwaka mmoja. Kwa ajili ya mavi."

"Mavi ya chuma, baba."

"Mavi ni mavi!"

"Sijasema naacha. Nasema najiuliza."

"Kujiuliza kumeanza lini? Nimeshatangaza kanisani, Cornelia. Watu wameshachanga mchele. Halafu hayo malungu unajua yalikuwaje? Kulikuwa na dawa, kulikuwa na kuku wa kuchinjwa, kulikuwa na mizimu. Watu wetu walitoka huko. Wewe unataka kurudi kufanya nini?"

"Nataka kujua ukuta uliyeyuka kwa nini."

Baba alisimama akatoka nje. Mama akaanza kukusanya vyombo, na alipofika mlangoni akageuka. "Lakini kweli," alisema, "udongo unayeyukaje? Vyungu vyangu nachoma kila mwaka, sijaona hata kimoja kimeyeyuka."

Jumatatu Cornelia alifanya yale ambayo mtu mwenye akili timamu angefanya. Aliandika Hungaria kuuliza kama ufadhili unaweza kuhamishiwa kwenye uhandisi wa metali. Wakajibu siku hiyo hiyo, kwa adabu, kwamba kozi haibadilishwi. Angeweza kuomba upya mwakani, bila ahadi yoyote. Aliwapigia watu wa bodi ya mikopo kuhusu mkopo wa kuanza upya, akaambiwa aandike barua, akaandika. Kisha akampigia Jenifer, ambaye naye alichukuliwa Hungaria na alikuwa ameshapata viza.

"Neli, acha utani," Jenifer alisema. "Mimi na wewe tulikubaliana. Nani atanisuka huko?"

"Jeni, wewe hesabu za bima unazipenda?"

"Nazipenda kufa! Unajua kuna watu kazi yao ni kukokotoa mtu wa miaka arobaini atakufa lini? Si atakufa lini yeye, ila wao kwa ujumla wao. Tangu nisome hiyo habari natazama watu stendi, nawaza." Akacheka. "Wewe hujaisoma?"

Cornelia hakuwa ameisoma. Aliona aibu, kwa hiyo alikaa akasoma mtaala mzima wa Hungaria, somo kwa somo, na hakujidanganya: ulikuwa mzuri. Majedwali ya vifo yalimshika karibu saa nzima. Kama angekuwa hajaenda Kate angefunga sanduku kwa furaha. Lakini alipokwenda kuosha masufuria, mkono wake ulifinyanga tope la kando ya bomba bila yeye kujua, akawa anaangalia jinsi linavyoshikana.

Jumanne asubuhi alichukua ndoo mbili. Alishuka kijitoni akachota udongo, akapanda hadi kwenye kichuguu kilichokuwa nyuma ya shamba la mahindi, akavunja kipande. Aliponda, akakanda, akafinyanga madonge mawili yenye ukubwa wa yai, akayakausha karibu na jiko, halafu akayazika kwenye moto wa mkaa. Baada ya saa mbili akayatoa. Yalikuwa madonge mawili ya udongo uliochomwa, basi.

Mama alikuja akasimama pembeni. "Moto wako mdogo," alisema. "Twende kwa Tadei."

Tadei alikuwa mhunzi mjini, anatengeneza majembe na visu kutoka kwenye springi za magari, na moto wake aliupuliza kwa feni ya umeme. Alikuwa na kazi nyingi, hakutaka mchezo. Justa alimkumbusha kwamba majembe yake manne ya mwisho alinunua kwake, na kwamba mawili yalikatika. Tadei akasogea.

Cornelia aliandaa madonge mapya na kuyaingiza kwa koleo katikati ya mkaa, mahali palipokuwa peupe hata kupatazama haikuwezekana. Walisubiri. Mama alikuwa akihesabu kwa sauti ya chini kama anayesali rozari. Tadei mwenyewe aliacha nyundo.

"Toa," Cornelia alisema.

La kichuguu lilitoka likiwa limepasuka katikati, lakini lilikuwa bado yai. La mtoni lilitoka halina umbo. Lilikuwa limelala upande kama mtu aliyechoka, limegandana na kipande cha mkaa, na tumboni mwake kulikuwa na doa lenye kung'aa. Lilipopoa, doa likawa la kijani.

"Yesu na Maria," alisema Justa.

Cornelia alipiga picha, akaituma kwa Daktari Eustace. Jibu lilikuja kabla hawajatoka pale: *Udongo mmoja wa mto mmoja si ushahidi. Rudia mara kumi.*

Mama aliposomewa alikasirika. "Hata asante hakuna?"

Lakini Cornelia alikuwa ameshaanza kuhesabu kichwani. Madonge kumi ya kichuguu, kumi ya mtoni, uzito sawa, muda sawa, na vichuguu visiwe kimoja, viwe vitano tofauti, na kijito achote juu na chini. Alikuwa anapanga sampuli, kama alivyofundishwa Dodoma kwa miaka miwili akisinzia. Mtu alikuwa amemwambia arudie mara kumi kazi ya moshi na majasho, naye jambo pekee lililomkera ni kwamba Tadei alikuwa anafunga saa kumi na moja.

Jumatano walikuwa kwa Tadei tangu asubuhi. Saa nane mchana, wakiwa kwenye donge la kumi na tatu, kivuli kikaziba mlango. Alikuwa baba, na shati lake la ofisi ya parokia.

"Justa," alisema. "Nyumbani hakuna mtu. Nimekuta paka juu ya meza."

"Subiri dakika nne," mama akamjibu bila kugeuka, macho kwenye simu iliyohesabu muda.

Labda kwa kuwa katika miaka ishirini na sita ya ndoa hakuwahi kujibiwa hivyo, Teodori alisubiri. Cornelia alitoa donge, akaliweka kwenye bati pamoja na mengine, akaandika namba. Baba alisogea. Alitazama ile safu ya mayai yaliyosimama na ile safu ya mayai yaliyolala.

"Haya ndiyo ya mtoni?"

"Ndiyo, baba."

"Na haya ya kichuguu." Aliinama. "Hapa mna feni. Wale hawakuwa na feni. Walipulizaje tanuru refu kiasi kile?"

"Hawakupuliza."

"Moto haupandi wenyewe."

"Ule ulipanda. Chini kuna matundu, baba, kama kumi hivi. Hewa ya moto ndani inakwenda juu kwa sababu tanuru ni refu, sasa nafasi inabaki wazi, hewa ya nje inaingia kwa nguvu kupitia matundu. Ndiyo maana waliyajenga mteremkoni na ndiyo maana ni marefu. Yangekuwa mafupi yasingevuta. Jiko linavuta lenyewe, usiku na mchana, siku mbili, tatu."

Alikuwa anaeleza kwa mikono, masizi hadi kwenye viwiko. Baba hakuwa anatazama tena madonge, alikuwa anamtazama yeye. Aliwahi kumsikia akijibu mitihani, akisoma somo kanisani, akitoa neno la shukrani kwenye mahafali. Hakuwahi kumsikia akiongea hivi.

"Babu yangu alikuwa fundi wa hayo," alisema Teodori ghafla. Hata Tadei akageuka. "Mzaa baba. Nilipochaguliwa ukatekista mama yangu aliniambia nisimtaje. Sijamtaja. Lakini nilikuwa nawaza sana nilipokuwa mdogo, mzee yule alijuaje kwamba chuma kimeiva? Ndani huoni. Huwezi kuchungulia. Alijuaje?"

"Sijui," Cornelia alisema. "Labda rangi ya moto. Labda sauti."

"Labda," alisema baba. Akavuta kigoda akakaa. Walipomaliza donge la ishirini ndipo walipoondoka wote watatu. Njiani aliwaambia, "Msidhani nimekubali. Sijakubali." Na kweli hakuwa amekubali. Alhamisi yote alitembea na uso wa Ijumaa Kuu.

Ijumaa ilikuwa sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Walirudi kutoka misani saa sita. Cornelia alikaa kwenye ngazi ya mlango na simu mapajani. Aliogopa. Alijua anaweza kuwa anaacha kitu ambacho hakitarudi, na kwamba huko mbele inaweza kutokea siku atakayojilaumu, na hakuna hesabu ya kumhakikishia. Akaandika kwa Kiingereza, kwa adabu, kwamba anashukuru na hataweza kuja. Alisoma mara tatu, akatuma. Halafu akaingia ndani kula.

Siku ya kumuaga haikuweza kufutwa kwa sababu mchele ulikwisha kuchangwa. Jumapili jioni jumuiya nzima ilijaa uani, na baba akasimama. Alikohoa. Alikuwa mtu wa kuhubiri bila karatasi, ila siku hiyo maneno yalimgomea.

"Ndugu zangu," alisema, "safari ya Ulaya imesimama. Haikukataliwa na wao. Ameikataa mwenyewe. Anakwenda Dar es Salaam kusomea chuma."

Yule mzee aliyetuma salamu kwa wazungu akauliza, "Kutengeneza mabati?"

"Hapana. Kujua kinavyotoka kwenye jiwe." Teodori akatafakari. "Kazi aliyofanya babu yangu, na mtakaotaka kuniuliza habari hiyo, njooni mniulize mimi, msimuulize mtoto."

Watu walitazamana. Mama akaanza kupakua, ikawa salama. Wapo waliosema chini chini kwamba binti amerogwa huko Kate. Wapo waliobaki hadi giza likaingia wakibishana kuhusu vichuguu.

Alipata nafasi Dar es Salaam duru ya pili ya udahili, akaanza mwezi wa kumi na moja. Hakuna aliyemwambia itakuwa rahisi na haikuwa. Jaribio la kwanza la kemia alipata alama kumi na sita kati ya arobaini. Darasani walikuwa wasichana wanane, na wiki ya pili mmoja alihama. Januari Daktari Eustace alimruhusu kusimama nyuma ya mtaalamu aliyekata kipande cha ilungu la tano na kukiweka chini ya hadubini. Ukuta ulionekana humo, hakuna ubishi. Udongo wa mtoni ulikuwa umeyeyuka ukachanganyika. Ila ulieleza nusu tu ya ile rangi ya kijani. Nusu nyingine ilikuwa na chokaa nyingi mno, na chokaa ile haikutoka mtoni wala kwenye jiwe. Mtaalamu alizima taa ya hadubini. Daktari Eustace alipiga chafya. Cornelia alitoka pale akampigia mama yake, wakaongea dakika arobaini kuhusu miti ya kuchoma mkaa, ipi ina majivu meupe na ipi haina, kwani majivu nayo hubeba chokaa.

Jenifer alimpigia kwa video mwezi wa pili. Alikuwa amesimama mtaani amevaa koti linalomfika magotini, nyuma yake theluji, pua imemwiva.

"Neli, uone mwenyewe!" Akazungusha simu. Cornelia alitazama kwa hamu ya kweli: tramu ya njano, mto mpana wenye vipande vya barafu, mbwa aliyevalishwa sweta. Akamuuliza barafu ile ikipita inatoa sauti gani, na Jenifer akasogeza simu ukingoni ili asikie. Ilikuwa inakwaruza.

"Sasa niambie ukweli," Jenifer alisema. "Hujuti?"

"Jumanne najuta," Cornelia alisema. "Jumanne tuna kemia saa moja asubuhi."

"Na siku nyingine?"

Nyuma ya Cornelia, ndani ya karakana, mtu aliita jina lake. Tanuru dogo la umeme lilikuwa limefika nyuzi elfu moja na mia mbili, na zamu ya kuingiza sampuli ilikuwa yake.

"Jeni, nitakupigia," alisema, akavaa glavu.